Lenzi Iliyokuwa Nkuhungu

Chang'ombe, Dodoma, jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Zuhura,

Kabla hujaligusa kasha la mashine yako, soma kwanza haya. Nimelifungua leo mchana, wakati wewe na baba yako mko Mlali kumuaga bibi yako. Misumari nimeing'oa mwenyewe na nimeigongelea tena mwenyewe, na mbao zilizopasuka nimezipasua mimi kwa sababu nyundo na mimi hatupatani. Ndani utakuta kitu kimeongezeka na kitu kingine kimepungua. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ukiniuliza ana kwa ana nitakujibu kwa ukali, unanijua, halafu tutaishia kununiana hadi stendi.

Habari za kula na kulala na kuwaheshimu wenyeji wa Mwanza siandiki. Shangazi yako alikusomea yote hayo juzi mpaka chai ikapoa. Mimi nataka kukueleza habari ya lenzi.

Umeniuliza mara nyingi lenzi ya ile mashine ya kukuzia picha ilikwenda wapi. Nilikwambia iliibwa. Ukauliza tena, nikasema labda iliondoka na wale wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku nyingine nikakufokea, nikasema wasichana wenzako wanatafuta kazi wewe unatafuta takataka. Zuhura, siku zote hizo nilijua lenzi ilipo. Ilikuwa Nkuhungu, kwa Esta, ambaye hujawahi kunisikia nikimtaja kwa sababu nilikuwa nimeapa kutomtaja.

Nilikuwa nakutazama ukiokota vitu vyangu na sikusema kitu. Ulilitoa trei la kuoshea picha kwa kuku, likiwa limeganda mavi na pumba, ukalisugua kwa mchanga mpaka likarudi kuwa jeupe. Taa nyekundu uliikuta grosari, inawaangazia walevi, ukabembelezana na mwenye grosari mpaka akakupa. Kichwa cha mashine ulikitoa kwenye lundo la chuma chakavu, siku moja kabla lori halijaja kubeba, na nguzo yake ukaikuta kwa fundi wa kuchomelea imesimamisha dishi la televisheni. Ulirudi nayo begani, umejaa kutu shingoni, unacheka. Mimi ndiye niliyevigawa na kuvitupa vitu hivyo, na kila ulichokirudisha nyumbani nilikiona kama mgeni ambaye sikumwalika.

Wenzako wa Mwanza, unaokwenda kufanya nao kazi ya picha, wamekwambia wazi kwamba chumba wanacho na maji wanayo, mashine ulete wewe, na ukifika na mashine isiyofanya kazi nafasi watampa mwingine. Jana nilipita mlangoni nikakuona unaibandika ile miwani ya kusomea ya baba yako kwenye tundu la lenzi kwa gundi ya karatasi. Ukawasha taa, na mezani pakatokea sura iliyovurugika kama uji. Ukajisemea, "Nitaanza hivyo hivyo." Hukujua niko nyuma yako. Niliumia sana, mwanangu, na sikulala.

Sasa nikwambie Esta ni nani. Ile studio watu wanayoiita ya mama yako ilikuwa yetu wawili. Esta alikaa mbele na kamera, anawapanga watu, anawafunga vifungo, anawachekesha watoto. Mimi nilikaa nyuma, kwenye chumba cha giza, nawatoa kwenye karatasi. Yeye Mgogo wa vijijini, mlokole, mwenye sauti ya kwaya, na mimi Mrangi wa Kondoa niliyekuja mjini kuolewa. Tulielewana mpaka watu wakadhani ni ndugu. Vumbi la Dodoma unalijua, linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa, basi kila alfajiri kabla upepo haujaamka alinimwagia maji sakafuni na kuning'iniza khanga mbichi mlangoni, ili negativu zangu, zile filamu za picha, zisipate madoa. Maji ya mwisho ya kusuuzia tuliyakinga kwenye mvua, tukayahifadhi mwaka mzima, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi, yanaacha alama. Nakuomba uulize maji ya huko yakoje kabla hujaanza. Hilo ni agizo pekee la kazi nitakalokupa.

Esta alikuwa na kaka yake, Simoni. Alipokuwa mdogo anachunga, ng'ombe alimpiga pembe juu ya jicho la kushoto, akabaki na kovu refu lililokata nyusi. Simoni alifariki ghafla. Ndugu wakaja studio siku ya kuusafirisha mwili kijijini, wanataka picha kubwa. Kwao picha ya marehemu inatangulia mbele ya jeneza, ameishika mtoto wa nyumba hiyo, na watu wote wanamuaga marehemu kwa kumtazama usoni pale. Kwetu Kondoa tunazika bila picha. Nilikuwa nimeshawatoa wafu wengi kwenye ile mashine, lakini sikuwa nimewahi kusimama kwenye msiba wa Kikristo nikaona picha inafanya kazi gani. Niliiona kama ua, pambo tu.

Umeme ulikuwa wa kukatika na kurudi. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, una homa, unalia. Niliingiza negativu ya Simoni kwa haraka, nikaiweka upande usio wake. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na uliofifia ndio unaoangalia chini. Ukiigeuza, mtu anatoka vizuri kabisa, anang'aa, ila kulia kwake kumekuwa kushoto. Nilipoinyanyua kutoka kwenye maji nililiona kovu liko juu ya jicho la kulia. Niliona, Zuhura. Nikajiambia, nani atatazama kovu siku ya kilio?

Mama yake mzazi alitazama. Pale uani, mbele ya watu wote, aliishika picha akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu simjui. Mwanangu ng'ombe alimpiga huku." Akailaza kifudifudi chini na hakukubali itangulie. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakasema labda hata maiti siyo, jeneza likafunguliwa tena kwa aibu. Simoni alikwenda kuzikwa bila uso mbele yake. Esta alikuwa amesimama hapo na picha hiyo ilitoka kwenye studio yake.

Aliporudi mjini alinikuta kazini. Nilikuwa nimeshasikia. Kama ningesema neno moja la kuomba radhi, nadhani leo ungekuwa unamwita mama mdogo. Badala yake nikasema, "Mtoto alikuwa na homa, Esta. Na picha ni picha." Alisogea kwenye mashine, akaizungusha lenzi mpaka ikatoka, akaifunga kwenye kona ya khanga yake. Akasema, "Hutamgeuza mtu mwingine." Akaondoka na kamera na lenzi, nikabaki na mashine na matrei. Yeye hakuweza kutoa picha bila mimi, na mimi sikuweza kutoa bila lenzi, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Ukisikia nikisema simu ndizo zilizoua studio, basi simu zilikuja kukuta maiti.

Na homa yako nimeifanya shahidi wangu miaka yote hii. Kila nikimkumbuka Simoni najibu moyoni, mtoto alikuwa anaumwa. Nimekubebesha kosa lisilo lako, wewe ulikuwa mgongoni tu unalia. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote niliyoyaandika hapa, na nimeona uondoke ukiwa unalijua.

Basi leo asubuhi mlipoondoka tu na baba yako, nilichukua bodaboda hadi Nkuhungu. Moyo ulikuwa unanienda mbio nikamwambia kijana apunguze mwendo, naye akasema, "Mama, tuko taratibu." Nyumba nilikuwa naijua, kwa sababu nimeipita mara nyingi huku nimegeuza shingo upande mwingine.

Esta alikuwa barazani anabangua karanga kwenye ungo. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema bila kutazama. Kisha akatazama. "Kumbe wewe. Nani kafa?"

"Hakufa mtu."

"Basi umepotea njia, Mama Zuhura."

"Sikupotea. Nimekuja kukuomba lenzi."

Vidole vyake vikasimama juu ya karanga. "Miaka yote hii hukuja kuniomba radhi," akasema, "leo umekuja kuniomba lenzi."

Hapo ndipo nilipotaka kugeuka niondoke. Ulimi wangu ulikuwa umeshapata jibu, na lilikuwa jibu zuri la kumkata. Nikalimeza. Nilifikiria ule uji wako mezani, nikabaki nimesimama juani kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Ni ya Zuhura," nikasema. "Anakwenda Mwanza kesho. Amerudi kwenye kazi yetu."

"Zuhura yule wa mgongoni?"

"Huyo huyo."

Akaingia ndani, na mimi nikamfuata hadi mlangoni bila kukaribishwa. Ukutani juu ya kochi niliiona picha. Simoni, na kovu juu ya jicho la kulia. Picha yangu, ile ile iliyolazwa kifudifudi, imewekewa fremu na kitambaa cha kufuma. Esta aliona ninavyotazama.

"Sina nyingine," akasema. "Ningefanyaje?"

Alitoa kopo la poda kabatini. Ndani kulikuwa na lenzi, imefungwa kwenye soksi safi ya mtoto, na karatasi iliyokunjwa yenye negativu. Hakunipa. Alivitia vyote kwenye mkoba wake, akajifunga khanga. "Unitolee Simoni alivyokuwa," akasema. "Leo. Nitaifunga lenzi kwa mkono wangu, na nitaifungua kwa mkono wangu. Ikitoka sawa tutazungumza. Ikitoka vibaya nitarudi nayo, na usinifuate tena."

Hivyo ndivyo kasha lako lilivyofunguliwa. Tulisimamisha mashine kwenye ile stoo, tukaziba dirisha kwa blanketi zako ulizokwisha kuzifunga, nikachanganya dawa zako kwa kusoma maelezo uliyoyaandika kwenye chupa. Unaandika vibaya sana, nilidhani saba ni moja. Nilipoinama kutafuta trei, Esta alichukua ndoo, akamwaga maji sakafuni, akakamua khanga na kuitundika mlangoni. Nilitaka kulia nikajizuia, maana sikujua kama ametundika kwa ajili yangu au ni mazoea tu ya mikono.

Alizungusha lenzi mwenyewe. Nikazima taa, nikawasha nyekundu. Niliishika negativu kwenye kingo nikaitazama upande huu na upande huu, nikaigusa kwa mdomo wa chini kama tulivyokuwa tunafanya zamani, upande uliofifia unanata kidogo. Esta alikuwa ananipumulia begani. Nikaiweka. Nikaitoa. Nikaitazama tena, nikairudisha vile vile.

Mimi nahesabu muda wa mwanga kwa pumzi zangu, sijawahi kutumia saa. Leo pumzi zilikuwa fupi kwa woga, na karatasi ya kwanza ikatoka imepauka, hakuna uso, kola ya shati tu. Ya pili nikapitiliza, ikawa nyeusi kama masizi. Na kila karatasi niliyoitoa kwenye lile boksi lako nilijua ni ya kwako, ile uliyoibembeleza kutoka studio iliyofungwa, uliyosema utaitumia kuwaonyesha wenzako kazi yako ya kwanza. Umeme ukayumba, taa ikafifia, tukashikana mikono gizani bila kukusudia. Ukarudi. Tukaachiana.

"Nihesabu mimi," akasema Esta.

Akahesabu, kwa sauti ile ya kwaya, polepole. Nikazima. Nikaizamisha karatasi kwenye dawa, nikaanza kulitikisa trei. Karatasi ilikuwa nyeupe bado. Nilijua hukumu ilikuwa inakuja pale chini ya dawa, na nikaona kwamba ikitoka sawa sitasema tena, nitajificha nyuma ya picha nzuri. Nikasema kabla haijatoka.

"Esta. Siku ile niliona. Nilipoitoa kwenye maji niliona kovu liko kulia, na nikaiacha iende."

Nikaendelea kutikisa. Ikaja shingo, zikaja nywele, zikaja nyusi. Kovu likaja juu ya jicho la kushoto, pale ng'ombe alipompiga. Nilimtazama Esta na sikuweza kuusoma uso wake kwenye ule wekundu. Nikaipitisha kwenye dawa ya kukazia, nikaisuuza kwa maji ya mvua uliyoyaweka kwenye dumu, naam, hayo nayo nimeyamaliza. Akaichukua ikiwa inachuruzika, akatoka nayo uani.

Nilimkuta ameishika kwa mikono miwili kwenye jua. Akatikisa kichwa.

"Huyu siye," akasema.

Nikamwambia ni yeye, nimeangalia mara mbili, kovu liko kushoto. Alinyoosha kidole kwenye picha, akakirudisha kwenye uso wake mwenyewe, nyusi ya kushoto, akakigusisha hapo akakiacha. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Ni yeye," akasema. "Mimi ndiye nimemsahau. Kila asubuhi nimekuwa nikimsalimia huyo wako wa ukutani. Nimemzoea huyo. Sasa Simoni mwenyewe amekuja, nimemkataa kama mama alivyomkataa yule."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba bila homa yako na bila umeme. Nikasema, "Nilimwona kaka yako amegeuka nikampeleka hivyo hivyo. Nilikukosea mimi, nimekosa." Alikuwa ananisikiliza au hakuwa, sijui. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaipepea picha mpaka ikakauka, akaizungushia gazeti. Kisha akainuka bila kuniangalia, akachukua mkoba wake, akaingia stoo.

Nilibaki uani. Nilisikia chuma kinasugua chuma, kile kisauti cha lenzi kwenye uzi wake, ninakijua hata usingizini. Nikajua anaifungua. Alikuwa na haki yake, aliniambia tangu mwanzo. Nilikaa palepale chini nikaanza kutafuta maneno ya kukuambia wewe ukirudi kutoka Mlali, na sikuyapata.

Akatoka. Mkononi hakuwa na kitu isipokuwa mkoba na ile picha.

"Nimeikaza," akasema. "Njia ya Mwanza ni ndefu, inatikisa. Mwambie akifika aikaze tena." Akafika getini, akasimama. "Na umwambie asihesabu kwa pumzi kama mama yake. Anunue saa." Akaondoka. Hakuniambia nimesamehewa, wala hakuniambia nisije tena Nkuhungu. Nitakwenda Jumapili akitoka kanisani, nikione kilichobaki.

Kwa hiyo, mwanangu, kilichoongezeka ni lenzi. Kilichopungua ni karatasi zako, imebaki moja ndani ya boksi, na nimeifunga vizuri isipate mwanga. Sikukuomba ruhusa. Nilichukua kitu chako cha thamani nikalipia kosa langu, na hata kama ungekubali, ulipaswa kuulizwa. Utakwenda kujitetea mbele ya wenzako na karatasi moja, na ni mimi nimekuweka hapo.

Utakosea huko, Zuhura. Mtu akikuletea sura ya ndugu yake ukaiharibu, mfuate siku hiyo hiyo, hata kama atakutukana mbele za watu. Mimi nilisubiri mpaka kosa likazeeka, na likizeeka haliwi dogo, linazoeleka tu. Hayo ndiyo ninayoyajua, sina mengine makubwa.

Najua ukimaliza kusoma utakasirika. Nakufahamu, umerithi kwangu, utaweka midomo hivi na kusema, "Hamna shida, mama," kisha hutapiga simu mwezi mzima. Usinifanyie hivyo. Kesho nitaamka kabla yako, sitajificha jikoni wala kwenye mswala. Nitakaa kwenye kiti cha mlangoni. Njoo unigombeze. Sema yote, kwa sauti, majirani wasikie, nami sitakujibu hata neno moja. Ila usipande basi kimya.

Mama yako,
Mwanaidi